Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya wa Afrika Mashariki: tuache kusoma asilimia za wengine

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Afya,
Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

YAH: CHANJO ZA MLIPUKO UJAO

Waheshimiwa,

Mwaka 2021 yalizunguka kwenye simu zetu majedwali ya safu mbili: upande mmoja jina la chanjo ya korona, upande wa pili asilimia. Pfizer 95. Moderna 94. Sputnik V 91. Sinopharm 79. AstraZeneca 70. Johnson & Johnson 66. Sinovac 50. Mtu akifika kituoni swali lake la kwanza lilikuwa, "Ya leo ni ya wapi?" Akiambiwa ni ya Mchina, anageuza. Akiambiwa Pfizer haijafika, anasema atarudi. Wengine hawakurudi.

Siwalaumu watu hao, walisoma walichopewa. Nawaandikia ninyi kwa sababu serikali zetu nazo zilisoma jedwali lile lile, na kwa mwendo tunaokwenda nao, mlipuko ujao utatukuta tukisoma jingine, lililoandikwa na wengine, kuhusu miili ya wengine, katika miezi ambayo sisi hatuna hata dozi moja ghalani. Ninayowaomba ni mawili, na nayataja mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: tupime wenyewe jinsi chanjo zinavyowakinga watu wetu, na tununue pamoja, kwa fedha yetu, kabla mlipuko haujaanza.

Nianze na zile asilimia, maana zilitupotosha wengi. Asilimia 95 ya Pfizer haikumaanisha kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa watano waliugua. Jaribio lilikuwa na watu wapatao 43,000. Nusu walichomwa chanjo, nusu wakachomwa maji ya chumvi, bila wao kujua nani kapata nini. Waliougua walikuwa 170: upande wa maji ya chumvi 162, upande wa chanjo 8. Hapo ndipo 95 ilipotoka. Ni matokeo mazuri mno, sibishi. Lakini ni matokeo ya miezi ile ya 2020, kirusi kikiwa hakijajigeuza sana, na yalimhesabu kila mwenye dalili, hata za mafua tu, ilimradi kipimo kimethibitisha.

Sasa tazameni Johnson & Johnson. Kampuni ilipotangaza matokeo Januari 29, 2021, jaribio lilikuwa moja lakini asilimia zilikuwa tatu: 72 nchini Marekani, 66 Amerika ya Kilatini, 57 Afrika Kusini. Chanjo ni ile ile. Kilichobadilika ni kirusi, kwani Afrika Kusini ilikuwa imeshashikwa na kile kilichokuja kuitwa Beta. Na kwa ugonjwa mkali, ule unaompeleka mtu kwenye oksijeni, kinga ilikuwa asilimia 85 kwa ujumla wa nchi zote. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuhusu zaidi sisi wenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, na ndiyo ambayo majedwali ya simuni hayakuwa nayo.

Sinovac ndiyo iliyoonewa kuliko zote. Brazil ilisema asilimia 50.4, Uturuki ikasema 83.5. Jaribio la Brazil lilifanywa kwa watumishi wa afya waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa korona kila siku, na likamhesabu hata yule aliyeumwa kidogo bila kuhitaji tiba. Kuzishindanisha chanjo kwa njia hiyo ni sawa na kupima paa moja kiangazi na jingine masika, kisha kutangaza kwamba la pili ndilo bovu. Chile, iliyowachanja mamilioni kwa Sinovac, ilifuatilia rekodi za watu zaidi ya milioni 10 na kukuta kinga dhidi ya kulazwa inazidi asilimia 87. Asiyependa bidhaa za China na aipinge kwa hoja nyingine, si kwa 50 ile.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Afrika Kusini na AstraZeneca. Dozi milioni moja kutoka India zilitua Johannesburg Februari 1, 2021. Februari 7, kabla hajachanjwa mtu, serikali ikasitisha. Jaribio la watu wapatao 2,000, wengi wao vijana, lilikuwa limeonyesha kinga ya asilimia 10 tu dhidi ya ugonjwa mwepesi na wa kati uletwao na Beta. Katika jaribio hilo hapakuwa na mgonjwa mahututi hata mmoja, si kwa waliochanjwa wala kwa wasiochanjwa, kwa hiyo halikuweza kusema lolote kuhusu kufa. Hata hivyo dozi zile ziliuzwa kwa nchi nyingine za Afrika kupitia Umoja wa Afrika, na minong'ono ikazifuata huko zilikokwenda.

Lakini tazameni walichofanya baadaye. Februari 17 walianza kuwachanja watumishi wao wa afya kwa Johnson & Johnson chini ya utafiti walioupa jina la Sisonke. Karibu watumishi nusu milioni waliingia. Walipofuatiliwa, kinga dhidi ya kifo ilikuwa asilimia 83. Walipoitilia shaka chanjo moja waliiacha, na ile waliyoichukua badala yake wakaipima kwa wauguzi na madaktari wao wenyewe. Julai 24 mwaka huo huo dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilitua Dar es Salaam, zikiwa msaada wa Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Ushahidi mkubwa wa Kiafrika kuhusu chanjo hiyo ulikuwa wa wauguzi hao wa Afrika Kusini.

Ushelisheli nayo ilitufunza jambo, ingawa wengi tulilisoma kichwa chini. Mwanzoni mwa Mei 2021 zaidi ya asilimia 60 ya wakazi wake walikuwa wamemaliza dozi mbili, kiwango ambacho hakuna nchi iliyokuwa imekifikia. Walitumia Sinopharm na AstraZeneca iliyotengenezwa India. Maambukizi yakapanda, vikwazo vikarudishwa, na habari ikaruka kwamba zaidi ya theluthi ya walioambukizwa walikuwa wamechanjwa. Mitandaoni likawa neno: chanjo hazifanyi kazi. Pigeni hesabu wenyewe. Kama watu karibu wote wamechanjwa, mgonjwa yeyote utakayemkuta ana uwezekano mkubwa wa kuwa kachanjwa; siku watakapochanjwa wote, wagonjwa wote watakuwa waliochanjwa. Swali ni kila kundi limetoa wangapi kwa kila elfu, na wangapi walizikwa. Sikumsikia waziri yeyote wa ukanda wetu akisimama redioni kuwaeleza wananchi hesabu hiyo nyepesi, na dakika tano zingetosha.

Anayetaka ulinganifu wa haki atafute mahali ambapo watu wa mji mmoja, katika wimbi moja, walipewa chanjo mbili tofauti, na kila aliyelazwa na kila aliyekufa akaandikwa. Mahali hapo papo. Ni Hong Kong mwanzoni mwa 2022, Omicron ilipoingia. Wakazi walikuwa wamechagua wenyewe, wengine Sinovac, wengine chanjo ya BioNTech ambayo kwingine huitwa Pfizer. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, dozi mbili za BioNTech ziliwakinga kwa karibu asilimia 90 dhidi ya ugonjwa mkali na kifo, na mbili za Sinovac kwa karibu 70. Tofauti ipo, tena si ndogo. Lakini waliopata dozi tatu, za chanjo yoyote kati ya hizo, walikingwa kwa karibu asilimia 98. Kwa ushauri wa kutungia sera, utafiti huo mmoja unayashinda majedwali yote ya 2021. Aliyechomwa Sinovac hakuhitaji kukimbilia Pfizer. Alihitaji dozi ya tatu.

Na bado Hong Kong ilizika wazee wengi mno Machi ile. Chanjo zilikuwepo mwaka mzima, bure, za aina mbili. Wengi waliovuka miaka 80 hawakuwa wamechanjwa hata mara moja, kwa sababu waliogopa madhara na hapakuwa na mtu wa kukaa nao akawaeleza.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo majaribio ya Ulaya na Marekani hayakulipima. Watafiti wa KEMRI na Wellcome walioko Kilifi walipima damu iliyochangwa katika benki za damu za Kenya. Kati ya Aprili na Juni 2020 walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu walikuwa na kingamwili za korona. Kati ya Januari na Machi 2021, asilimia ilikuwa 48.5. Maana yake ni kwamba ndege ya kwanza ya chanjo ilipotua Nairobi, karibu nusu ya wachangia damu walikuwa wameshakutana na kirusi. Swali letu, basi, halikuwa 95 au 66. Lilikuwa: dozi moja inamwongezea nini mtu aliyekwisha kuambukizwa? Na ya pili je? Kama moja inatosha kwa kijana aliyekwisha kuugua, tungewafikia wazee wengi zaidi kwa mzigo ule ule mdogo. Kilifi walikuwa na maabara, wataalamu, na watu waliojitolea kwenye jaribio la AstraZeneca tangu 2020. Wangeweza kujibu swali hilo kwa ajili ya nchi zetu zote. Hakuna kikao chenu kilichowapa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye upatikanaji, ambako ndiko tulikoumia zaidi.

Desemba 8, 2020 bibi wa miaka 90 alichanjwa Coventry, Uingereza, na picha yake ikazunguka dunia. Wakati huo Canada ilikuwa imeshaweka oda za dozi zinazotosha kumchanja kila mkazi wake zaidi ya mara tano. Wengi wetu tulisubiri hadi Machi. Kati ya tarehe 2 na 5 mwezi huo zilitua ndege Kinshasa na dozi milioni 1.7, Nairobi dozi milioni 1.02, Kigali dozi 240,000 na baadaye kidogo Pfizer zaidi ya 100,000, na Entebbe dozi 864,000. Ukiondoa zile Pfizer za Rwanda, zote zilitoka kiwanda kimoja, Serum Institute, mjini Pune. Mwezi haujaisha India ikafunga mlango, kwa kuwa Delta ilikuwa inawaua watu wake barabarani. Usafirishaji kwa COVAX ulianza tena Novemba. Katikati hapo Kenya ikawaongezea watu muda wa kusubiri dozi ya pili, na Uganda ikaingia katika wimbi baya kuliko yote, Juni 2021, ikafunga nchi kwa siku 42 huku akiba ya chanjo ikiwa imekwisha au inakaribia kwisha.

Siwezi kuilaumu India kwa kuwahudumia watu wake kwanza. Nauliza tu ni nani kati yenu aliyeridhika kwamba nchi nne zitegemee kiwanda kimoja, katika nchi moja, kwa mzigo wa msaada.

Na tusidanganyane kwamba bara halikuwa na kiwanda. Aspen, mjini Gqeberha, Afrika Kusini, ilikuwa inajaza chupa za Johnson & Johnson. Katikati ya 2021 mamilioni ya dozi hizo zilisafirishwa kwenda Ulaya, ambako watu walikuwa wamechanjwa kwa wingi, wakati Afrika Kusini yenyewe iko katika wimbi la Delta. Mkataba ulisema hivyo. Bei nayo ilisema yake: Umoja wa Ulaya ulipewa AstraZeneca kwa chini ya euro 2 kwa dozi, Afrika Kusini ikaambiwa dola 5.25 kwa hoja kwamba Ulaya ilichangia gharama za utafiti. Wananchi wa Afrika Kusini walikuwa wamejitolea miili yao kwenye utafiti huo huo, lakini inaonekana mchango wa namna hiyo hauandikwi kwenye ankara.

Halafu likaja la vyeti. Chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa Ulaya ilikuingiza Ulaya. Ile ile iliyotengenezwa Pune ikaachwa nje ya cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 2021. Kwa hiyo Mkenya aliyepewa dozi kwa msaada wa hao hao akaambiwa mpakani kwamba dozi hiyo haitambuliwi. Baadaye nchi moja moja zilirekebisha, baada ya kelele.

Misaada ilipoanza kuja kwa wingi mwishoni mwa 2021, ilikuja ikiwa imebakiza wiki chache kuisha muda wake. Novemba 29 Africa CDC na wenzake walilazimika kutoa tamko la pamoja kuwaomba wafadhili walete dozi zenye angalau wiki 10, tena watoe taarifa mapema. Mwezi uliofuata Nigeria iliteketeza dozi zaidi ya milioni moja mjini Abuja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, wakamalizia kwa neno ambalo sitaliandika kwenye barua ya waheshimiwa.

Hapo nimewasema wa nje. Ya ndani nayo niyaseme, na nianze na kwetu Tanzania. Mei 2020 tuliacha kutangaza takwimu tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na namba hizo zikakaa hapo hapo zaidi ya mwaka, kana kwamba ugonjwa ulikuwa unasubiri ruhusa. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliwaonya watu dhidi ya chanjo. Majirani walipokuwa wanapokea ndege zao Machi, sisi hatukuwa hata kwenye foleni. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu Dar es Salaam Julai 28, na kwa miezi kadhaa baadaye vituo vingi vilikuwa vikiwasubiri watu. Kisha ukaja Mpango Shirikishi na Harakishi: wahudumu wakatoka vituoni, wakaenda minadani, misikitini, makanisani, nyumba kwa nyumba. Kufikia mwisho wa 2022 Tanzania iliyochelewa kuanza ilikuwa imeipita Kenya iliyoitangulia. Hilo ni la kujivunia, na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanastahili heshima kuliko waliyopewa. Lakini kwa kuwa hatukuhesabu wagonjwa, hatuwezi kuonyesha dozi zile ziliokoa wangapi. Tumebaki na idadi ya sindano.

Kongo ilipokea dozi milioni 1.7, ikasita kwa hofu ya damu kuganda iliyokuwa inasemwa Ulaya, ikaanza kuchanja Aprili 19, na ilipoona muda unayoyoma ikarudisha milioni 1.3 zigawiwe kwingine. Nafikiri kurudisha lilikuwa jambo la busara kuliko kuzichoma moto. Kusita ndiko kulikokuwa na gharama: hofu ile ilihusu tatizo la nadra lililopimwa Ulaya, kwa watu wenye hospitali na chanjo nyingine mkononi. Kinshasa haikuwa na nyingine.

Burundi ilikataa chanjo Februari 2021, ikakubali Julai, ikaanza Oktoba kwa Sinopharm, na hadi leo ni miongoni mwa nchi zilizochanja watu wachache kuliko zote duniani, chini ya mtu mmoja kwa kila 100. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda ilikuwa moja kati ya nchi saba tu za Afrika zilizofikia asilimia 40 kabla 2021 haijaisha. Ilikuwa imenunua mafriza ya baridi kali kabla hata Pfizer haijapangiwa safari. Nchi mbili zenye milima inayofanana na lugha zinazoelewana zilitofautiana namna hiyo, na hamjakaa mahali mkaeleza kwa nini.

Mngeweza kusema hayo yamepita. Basi tuangalie mpox. Mei 2022 ugonjwa ulipotokea Ulaya na Marekani, chanjo ya kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark ilitolewa huko ndani ya miezi michache. Kongo, ambako ugonjwa huo ulijulikana tangu 1970, ilikuwa na wagonjwa wa kushukiwa zaidi ya 14,000 mwaka 2023 na vifo zaidi ya 600, wengi wakiwa watoto. Haikuwa na dozi. Aina mpya ya kirusi ikazuka Kamituga, Kivu Kusini, kwenye machimbo ya dhahabu. Julai 2024 ikaingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Dozi za kwanza, kama 100,000 kutoka Umoja wa Ulaya, zilitua Kinshasa Septemba 5, 2024, na uchanjaji ukaanza Goma mwezi uliofuata. Miaka miwili nyuma ya wenzao.

Sehemu ya miaka hiyo ni yetu. Mamlaka ya Kongo iliidhinisha chanjo hiyo Juni 2024, na Shirika la Afya Duniani likaipitisha Septemba. Kabla ya hapo mashirika ya kununua kwa niaba yetu yalikuwa yamefungwa mikono na taratibu za Shirika hilo. Na asilimia zilizotajwa, za kinga ya dozi moja na dozi mbili, zilitoka kwa watu wazima wa nchi tajiri dhidi ya aina nyingine ya kirusi. Watoto wa Kivu hawakuwemo. Bei ambayo UNICEF ilifanikiwa kuishusha ilikuwa hadi dola 65 kwa dozi, kiasi ambacho bajeti zetu nyingi za afya hazimtengei mwananchi mmoja kwa mwaka mzima.

Viwanda sasa vimekuwa wimbo. Kila mkutano una hotuba ya kiwanda. Moderna ilisaini na Kenya Machi 2022 kujenga cha dola milioni 500; Aprili 2024 ikasimamisha, ikisema haijapata oda ya Afrika tangu 2022. Aspen nayo ilipata leseni ya kuuza chanjo ya Johnson & Johnson kwa jina lake, Aspenovax, na haikupata mnunuzi. Kigali ndiko kwenye majengo ya BioNTech. Ninyi ni wanunuzi, waheshimiwa, na mnunuzi asiyeweka oda hana haki ya kushangaa duka likifungwa. Jumuiya yetu ina watu zaidi ya milioni 300. Inanunua chanjo za watoto kila mwaka, mlipuko uwepo usiwepo. Oda hiyo ya kila mwaka, ikiwa moja na ya muda mrefu, ndiyo inayoweza kukiweka hai kiwanda kitakachogeuzwa siku ya mlipuko. Gavi imetenga zaidi ya dola bilioni moja kwa watengenezaji wa Afrika, na Africa CDC pamoja na benki ya Afreximbank wameanzisha mfumo wa ununuzi wa pamoja. Milango ipo. Anayetakiwa kuingia na fedha mkononi ni ninyi.

Mei 20, 2025 mlikuwa Geneva mlipopitisha Mkataba wa Majanga ya Mlipuko. Unasema watengenezaji watakaoshiriki wataweka kando asilimia 20 ya wanachozalisha wakati wa mlipuko, nusu yake bure, wakipewa taarifa na sampuli za virusi. Utaratibu wenyewe ukaachwa ujadiliwe kwenye kiambatisho. Mnajua sampuli hizo zinatoka wapi. Zinatoka Kamituga. Novemba 2021 Afrika Kusini na Botswana ziliiambia dunia kuhusu Omicron, na ndani ya siku mbili zikafungiwa ndege. Msisaini kiambatisho chochote kinachotaka virusi vyetu leo na kuahidi dozi kesho bila tarehe.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, la kupima. Jumuiya ina Tume ya Utafiti wa Afya, makao yake Bujumbura. Ipeni kazi moja iliyoandikwa: hospitali chache za rufaa katika kila nchi ziwe tayari muda wote, zikiandika kwa kila mgonjwa wa mlipuko kama alichanjwa, kwa chanjo ipi, lini. Kenya na Tanzania zilishakuwa na mifumo ya kidijitali ya vyeti vya chanjo. Kinachotakiwa ni mifumo hiyo isomane na rejesta ya wodini. Kilifi, Ifakara, Entebbe, Kigali na Kinshasa kuna watu wanaoweza kuifanya kazi hii wakiwa wamefumba macho. Matokeo yatangazwe kila mwezi, hata yakiwa ya aibu.

La pili, ununuzi. Wekeni mfuko mmoja wenye fedha ndani, si ahadi, na oda moja ya miaka kumi. Mamlaka za dawa zikubaliane kwamba chanjo ikipitishwa na mojawapo iliyothibitishwa na Shirika la Afya Duniani, kama ile ya Tanzania iliyofikia ngazi ya tatu tangu 2018 au ya Rwanda iliyofuata 2024, nyingine zimalize uamuzi wao ndani ya siku 14. Taratibu za kuoanisha usajili wa dawa mlizizindua Arusha mwaka 2012. Zimekuwa na muda wa kutosha wa kukomaa.

COVAX ilifungwa Desemba 31, 2023. Hakuna atakayetuma ndege zile tena kwa mtindo ule, na hata zilipotumwa zilichelewa. Naomba kila mmoja wenu ajibu hadharani, kama barua hii ilivyoandikwa hadharani: nchi yako itaweka kiasi gani kwenye mfuko huo, na katika bajeti ya mwaka gani?

Wenu,
Mwananchi wa Jumuiya